Mwenyewe Aje

Jumapili, 4 Mei

Nimerudi bwawani mikono mitupu. Tena mmoja hauinuki.

Nimewaambia watu sababu ni upepo. Halafu ndoano butu. Halafu jua la machoni. Uongo mtupu, wote watatu. Ukweli ni kwamba fimbo yangu ya kuvulia, ile ninayoiita Nguzo, leo imenishinda. Nimerusha mara moja, mara ya pili, mara ya tatu bega la kulia likalia kwi! kama bawaba ya mlango wa choo. Chambo kikaenda kuning'inia juu ya matete. Shemeji — kaka yake mke wangu, dereva wa lori, mdomo hauna breki — akauliza kama siku hizi nimehamia kwenye ndege.

Nikajifanya sijasikia. Mara akaja kapu. Kapu hasa, si mtoto wake! Yule samaki mnene mwenye midomo ya kunyonya na visharubu pembeni, niliyemsubiri tangu mvua zilipokatika. Akavuta mshipi, nikataka kuinua Nguzo, Nguzo ikakataa kuinuka. Samaki hakunishinda, nasema wazi hapa. Fimbo ndiyo iliyonishinda. Kapu akaenda zake wala hakuaga.

Nyumbani Mama Watoto kanipokea mlangoni: "Kapu liko wapi?" Nikamsahihisha, huyo ni samaki, sema kapu *yuko* wapi. Akasema yule anajua hayupo, wala hakusumbuka kumuulizia. Anaulizia *lile*, la kubebea, aliloniazima asubuhi.

Lahaula! Nimelisahau bwawani.

Nahitaji fimbo nyepesi. Lakini nitaishikaje mbele za watu? Ni mimi niliyezibatiza fimbo nyepesi "vijiti vya kuchokonolea meno". Jina limeshika, bwawa zima wanalitumia. Na kuna jambo la pili, zito kuliko la kwanza. Mama Watoto alishasema: siku mwili utakapoanza kunikatalia, bwawa basi. Jumapili zangu basi! Sasa hilo bega akilijua, nimekwisha. Kwa hiyo halijui, na halitalijua.

Jumatatu, 5 Mei

Kinyozi mwenye bega bovu ni kama mpishi asiyesikia harufu. Leo vichwa vyote nimevinyoa kiwiko kikiwa kimeegemea mabega ya wateja. Mzee mmoja mstaafu wa posta akauliza kama nimechoka au nimempenda. Nikamwambia nimempenda.

Asubuhi nimevaa shati kwa kuanza na mkono mbovu, maana ukiuacha wa mwisho hauingii. Mama Watoto alikuwa anachana nywele. Akaniuliza kwenye kioo nimejifunza lini kuvaa kinyumenyume. Nikasema ni mtindo. Akasema, haya, mtindo.

Dawa ya kuchua nimenunua duka la mbali kabisa, kwa sababu duka la dawa la karibu muuzaji wake ni mke wangu. Nimepaka chumba cha nyuma, kati ya mteja na mteja. Inanuka! Jioni kaanza kunusa tangu ukumbini. Nikasema ni mteja mmoja, maskini, anaumwa bega, ameninukisha. Akampa pole mteja wangu.

Jumatano, 7 Mei

Leo nimethubutu. Mchana, saluni nimefunga kidogo, nikaenda kwa Chubwi.

Chubwi ni muuza vifaa vya uvuvi. Mfupi, mzito, akikaa mahali amezama, ndiyo maana tukampa jina la kile kirisasi cha kuzamishia mshipi. Duka lake ni chumba kimoja kirefu chembamba kama gari la moshi, fimbo zimesimama ukutani upande mmoja, upande mwingine madebe ya pumba na mahindi ya chambo. Nikazunguka. Nikashika rili, kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi, nisiyoihitaji. Nikauliza bei ya buti. Mwisho nikasema, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, eti unazo zile fimbo nyepesi za fida?

Chubwi akavua miwani. "Vijiti vya kuchokonolea meno?"

Na hapo ndipo ulimi wangu, huu huu ulionisomeshea watoto kwa kupiga soga na wateja, ukaniuza. Nikasema si yangu. Nikasema ni ya Mama Watoto. Kapenda kuvua ghafla! Wanawake bwana, we acha tu.

Chubwi akafurahi hadi akasimama, na yeye kusimama si jambo dogo. Miaka yote hiyo hajapata kumuuzia mwanamke hata ndoano. Akaanza kunifundisha, mimi! Fida, anasema, ni hiki kizimba kidogo cha waya, ukubwa wa dole gumba. Unakishindilia pumba iliyolowekwa, unakirusha karibu tu, kinatua chini na kumwaga harufu, kapu anakuja kama mtu aliyeitwa chai. Fimbo hushikilii. Unailaza juu ya kijiti cha panda, unakaa. Ncha yake nyembamba kama ujiti wa ufagio, samaki akionja tu, inakuambia. Mkono unapumzika, jicho ndilo linalofanya kazi.

Mkono unapumzika! Nikasema basi nifungie moja, ile nyepesi kuliko zote.

Akakataa.

"Mwenyewe aje."

Nikamwambia mwenyewe ana kazi nyingi. Akasema fimbo ni kama kiatu, hainunuliwi kwa mguu wa mwingine. Iliyo nyepesi kwenye mzani inaweza kuwa nzito mkononi: ikiwa ndefu sana uzito unakimbilia mbele, ukiweka rili kubwa unarudi nyuma, na kila mkono una mahali pake pa kuchoka. Mwenyewe aje, ashike, aone. Nikasema nitashika mimi kwa niaba yake. Akacheka hadi madebe yakatikisika. "Wewe, na huo mkono wa Nguzo? Utaivunja."

Nimetoka na debe dogo la pumba nisilolihitaji.

Alhamisi, 8 Mei

Nimewaza kwenda kununua mji mwingine, kwa muuzaji asiyenijua. Kisha nikawaza, nitajaribu vipi fimbo mbele ya mgeni huku nakunja uso? Na ikinikataa nitairudishaje? Fimbo ya mbali haiui nyoka, na ya kuvulia ya mbali, naona, haivui samaki.

Mama Watoto atalijua hili? Hatalijua. Chubwi na yeye wana nini cha kuzungumza?

Ijumaa, 9 Mei

Chubwi anaumwa jino!

Jino gani hilo la kuuma wiki hii! Likamtoa dukani, likamvusha barabara, likamsimamisha mbele ya kaunta ya duka la dawa, mbele ya mke wangu. Akampongeza. Akamwambia amemwekea fimbo tatu za kuchagua. Akamwambia mumeo ana mapenzi, wanaume wa siku hizi hawawazi zawadi kama hizo.

Nayajua haya kwa sababu Mama Watoto ameyasimulia mezani, taratibu, huku ananimiminia chai. Hakuinua sauti. Mimi nilikuwa natazama sukari. Alipomaliza akasema: "Kumbe mimi mvuvi! Na hujaniambia."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu haikufika hata kona. Nikasema nilitaka iwe siri. Akauliza siri ya nini. Nikasema ya kukushangaza. Akasema, basi umefanikiwa, nimeshangaa sana.

Kesho ni Jumamosi, anafunga mapema. Tunakwenda.

Jumamosi, 10 Mei

Nikumbuke siku ya leo. Nikumbuke vizuri, maana hata sasa sijaielewa.

Chubwi alikuwa kafagia duka. Kaweka na kiti. "Karibu, Mama, karibu sana." Kaziegemeza fimbo tatu kwenye kaunta. Jaribio lake la kuchagua ni hili: unanyoosha mkono, ncha unailenga kwenye ufa wa ukuta wa mbele, naye Chubwi anakusimulia kisa cha yule kapu wake aliyemponyoka zamani. Ncha ikianza kuzama kabla kapu hajaponyoka, fimbo hiyo si yako.

Mama Watoto akasikiliza, akaitikia, kisha akasema: "Mume wangu ashike. Mimi nione."

Chubwi akasema, lakini mwenyewe ni wewe, Mama. Akasema ndiyo, na mwenyewe anataka kuona jinsi inavyokaa kwa mtu anayejua. Ningefanyaje? Nikashika.

Ya kwanza ilikuwa ndefu, nyeusi, kaboni tupu, nyepesi kuliko zote kwenye mzani. Nikaishika kama mwanamume. Kisa cha Chubwi hakijafika hata majini, ncha imeanza kuuacha ufa. Nikasema ni upepo wa feni. Mama Watoto akasema, hiyo sitaki.

Ya pili ilikuwa fupi lakini ya faiba, nene mkiani. Hapo ncha ilianza kuzama kapu wa kisa ameshakula chambo. Nilijikaza, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Nilipomtazama mke wangu, haangalii ncha hata kidogo! Ananitazama mimi, usoni. Nikamwambia mama, ncha iko kule. Akasema ameiona. Hiyo nayo hapana.

Ya tatu si nyepesi kuliko ya kwanza. Ni fupi kidogo, mshikio wa gome la vizibo, na Chubwi akaifunga rili ndogo kama yai. Nikanyoosha mkono. Jamani! Kama nimeshika hewa iliyonyooka. Chubwi akafika kwenye maji, kapu akala, akavuta, akapiga mkia, akaponyoka, Chubwi akalia, akaenda nyumbani, akamwambia mkewe, na ncha bado iko kwenye ufa. Nilisahau kama nina bega.

Mama Watoto akasema: "Hii. Hii haikunji uso."

Nikamwambia fimbo haina uso. Akasema alikuwa anaongea na Chubwi.

Ikafungwa kwenye mfuko wake wa kitambaa. Nikanyoosha mkono niibebe. Akanitazama kama mtu anayemwona mkwapuzi. "Cha mtu huombwa," akasema, akaitia kwapani mwenyewe, akatangulia mbele barabara nzima.

Jumapili, 11 Mei

Mvua. Bwawa halifikiki. Mafunzo yamefanyika uani.

Nikamwekea beseni upande wa pili, arushe chubwi liingie ndani. Mrusho wa kwanza umevua shuka la jirani lililosahauliwa kwenye kamba. Wa pili umevua shuka hilo hilo. Jirani katoka, kaona, karudi ndani bila kusema neno, nadhani anaona ni mambo ya ndoa.

Nikasema lete nikuonyeshe. Akasema, nionyeshe kwa mdomo.

Kwa hiyo nimesimama uani tangu asubuhi mpaka adhuhuri, nina fimbo ya ndoto zangu hatua mbili mbele yangu, navua kwa mdomo. Inua kiwiko. Usivunje mkono. Achia kidole. Achia kidole! Na kufikia mchana, nitasema nini, chubwi linaingia beseni. Tang! Tang! Akageuka, mvua kwenye kope, amefurahi kama msichana. Nikafurahi na mimi. Kisha nikakumbuka anafurahia mali yangu.

Jumanne, 13 Mei

Nimetenda tendo la aibu. Mchana nimerudi nyumbani makusudi, hakuna mtu. Fimbo iko nyuma ya kabati la chumbani. Mfuko wake kaufunga kwa utepe wa nywele. Nikafungua, nikaitoa, nikaiunga, nikakaa nayo kitandani. Nikainyoosha kuelekea dirishani. Bega kimya! Nimekaa hivyo hadi chai ikapoa.

Kisha nikairudisha na kufunga utepe.

Usiku huu wakati wa kula kasema panya wa nyumba hii wameerevuka. Siku hizi wanafungua fundo, na kulifunga tena hawajui. Nikasema nitanunua mtego. Akasema usinunue, panya mwenyewe mkubwa, nitamwonea huruma.

Mbona haulizi? Aulize tu, mara moja, kwa sauti ya kawaida, nami nitasema! Lakini hapana. Ananizunguka kama paka.

Alhamisi, 15 Mei

Leo hakuna utani.

Saa ya asubuhi yenye wateja wengi mashine imeniponyoka. Mkono uliganda katikati, juu ya sikio la yule yule mstaafu wa posta, nikaona vidole vinafunguka vyenyewe. Imemgonga bega, ikaanguka, meno ya mashine yamevunjika. Mzee hakuumia. Kasema si kitu. Lakini saluni nzima ilinyamaza, na saluni yangu haijawahi kunyamaza tangu niifungue. Kinyozi wa kiti cha pili akamalizia kichwa chake. Mimi nikafagia.

Nimeogopa. Naandika hapa kwa sababu sina pa kusema. Nimeogopa sana. Mkono huu ndio mimi. Nimenyolea nao, nimevulia nao, nimewabeba nao watoto. Ukiondoka nitabaki na mdomo tu, na mdomo nao unaonekana unanifanyia hujuma.

Jioni nimekuta kwenye mto wangu wa kulalia kichupa cha dawa ya kuchua, ile nzuri, isiyonuka. Mama Watoto alikuwa ananyoosha nguo, mgongo kanipa. Akasema: "Mpelekee mteja wako. Apake asubuhi na jioni, na Jumatatu aende hospitali akapigwe picha ya bega. Nimemwombea nafasi, saa tatu. Mwambie asiogope."

Nikamwuliza, akiogopa je?

Akaweka pasi chini. Akasema mwambie mke wake atakwenda naye.

Nikasema nitamwambia. Kisha nikajikaza, nikauliza: si yule mke wake alishasema mwili ukikataa, bwawa basi? Akageuka, akanishangaa kweli kweli, si utani. Akasema hakuna mke aliyesema hivyo. Mke alisema, mwili ukianza kukataa, *uniambie* basi.

Basi ile! Nimeibeba miezi mingapi, kumbe niliibeba kichwa chini miguu juu. Nilisikia "bwawa basi". Yeye alisema "uniambie basi".

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, wazi kabisa. Nikasema, "Pasi inaunguza." Ni kweli ilikuwa inaunguza, shati langu la bluu. Nimejidharau kwa hilo kuliko kwa yote.

Jumamosi, 17 Mei

Jua. Bwawa limeshuka, Shemeji amepita na lori kutazama. Kesho wote. Hata Chubwi anafunga duka, anataka kumwona mteja wake wa kike.

Nimeloweka pumba. Mama Watoto amechemsha mahindi ya chambo, kaonja, kasema makapu hao wanakula vizuri kuliko mimi. Nimepaka dawa ya mteja. Inafanya kazi.

Nguzo nayo nimeifuta vumbi. Nitaibeba. Mtu haendi vitani bila silaha, hata kama haitapigana.

Jumapili, 18 Mei

Naandikia bwawani. Sijawahi. Kawaida mikono yangu ina kazi.

Nguzo iko mfukoni mwake, imeegemezwa kwenye mti, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Nimewaambia leo mimi ni mwalimu, mwalimu havui. Shemeji akatazama Nguzo, akanitazama mimi, akatazama mti. Hakusema kitu, na Shemeji asiposema kitu ujue anaweka akiba.

Akiba ikatoka pale dada yake alipofungua mfuko. "Kijiti cha kuchokonolea meno hicho!" Bwawa zima likacheka. Mama Watoto akauliza kwa upole, jina zuri hilo, nani alilitunga? Vidole vyote vikanielekea. Hata cha Chubwi. Akasema, aha, mume wangu ana maneno.

Karusha. Si kwamba namsifu kwa kuwa ni wangu: kiwiko juu, kidole kikaachia, kijifida kikatua pale pale nilipomwonyesha, ukingoni mwa matete, bila hata kurusha maji. Shemeji akafunga mdomo. Kalaza fimbo kwenye panda, kakaa kwenye kiti chake, kakunja mikono. Katoa chai kwenye chupa. Huyu mwanamke kana kwamba kazaliwa hapa!

Samaki wadogo wawili mpaka sasa. Ncha inacheza kidogo, anasubiri, inacheza tena, anainua bila haraka. Wote kawarudisha majini, kasema wakamwite baba yao.

Kapu la kubebea nimelipata, lilikuwa kwenye kibanda cha mlinzi. Limekuwa nyumba ya kuku wake. Nimelipeleka kwa Mama Watoto. "Kapu *hili* hapa," nikasema. Akasema vizuri, sasa bado *huyu*.

Tumekaa. Kumetulia. Bega linauma kidogo, si sana. Kesho saa tatu. Nimemwambia mteja wangu asiogope, anasema anajitahidi.

Chubwi kaja kukaa karibu yangu. Kanong'ona kwamba mke wangu ana kipaji, lakini kuna kitu kimoja kinamsumbua kichwa: ile fimbo si ya mkono wake. Kwa mkono wake angempa fupi zaidi. Ile, anasema, ukiitazama inavyokaa, ni ya mtu mrefu mwenye bega la kulia linalohitaji kuonewa huruma. Alitaka kusema pale dukani, lakini Mama alimkanyaga mguu.

Alimkanyaga mguu!

Tangu siku ile. Kabla ya siku ile. Tangu shati la kinyumenyume. Alichagua kwa uso wangu! Na mimi nimekaa wiki nzima namwonea wivu —

Ncha!

Haichezi. Imeinama, yote, mpaka shingoni, na panda imeanguka. Mama Watoto kasimama, kaishika kwa mikono miwili. Rili inalia. Huyu ni kapu, huyu ni mkubwa, ni yule wangu, naapa ni yule wangu! Shemeji anapiga kelele azungushe. Hazungushi. Ameshikilia tu, fimbo imepinda kama upinde, na amegeuka kunitazama.

Anasema, "Mwenyewe aje!"

Chubwi anageuka huku na huku. Mwenyewe gani tena, si ndiye huyo? Shemeji ameacha kupiga kelele. Wote wananitazama, bwawa zima, wote niliowacheka. Mama Watoto anauliza naandika nini wakati samaki anakwenda. Hacheki. Macho yake yamejaa, na hacheki.

Anaita tena.

Nimeitika. Kwa sauti, mpaka ng'ambo wamesikia. Nimesema naja, hiyo ni yangu, bega hili bovu na fimbo hiyo ni vyangu. Kalamu chini — mkono wa kulia una kazi